Taa Zilizotembea Ukutani

Nilichagua umeme kwa sababu kazi yake inafanywa ukiwa umekaa. Wengine walitoka Masisi kuja kwenye mgodi huu, mbele ya mji wa Mubi, kutafuta maisha. Mimi nilitafuta kiti. Kaka yangu mukubwa alichimba chini ya shimo. Mimi nilikaa juu, katika nyumba ya umeme, nikilinda laini iliyotoka mbali kwenye maporomoko ya mto na kuendesha pompi ya kumtolea maji. Pompi ikisimama, shimo linajaa.

Ukutani kulikuwa na taa ndogo za betri, moja kwa kila kituo cha laini. Umeme ukivuja kituoni, taa yake inawaka. Laini ikikatika, kengele inalia. Lakini zilipangwa ovyo, taa ya msitu wa mbali ikikaa kando ya ile ya mlango wetu, na kila mara ilibidi niinuke kusoma namba. Kwa uvivu nikazihamisha. Nikachora kwa chaki mto, msitu, kilima, shimo, kila taa nikaiweka mahali pake.

Mwenzangu wa zamu, mutoto wa wafugaji wa kwetu, alicheka. "Papa Kiti, umechora njia kusudi usiitembee?"

"Njo vile. Miguu yangu iko kwa ukuta."

Alasiri moja ya ukungu, taa ya msitu wa mbali iliwaka, ikazima. Ikawaka inayofuata. Kisha ya kilimani. Kengele kimya, miti kimya bila upepo. Kitu kilikuwa kinaifuata laini polepole, kama mutu mwenye taa mkononi, kikija kwetu.

"Iko nakuja," mwenzangu alinong'ona.

Nikazungusha simu ya shimoni, watu watolewe. "Mutoe bantu!"

"Pompi iko inatumika muzuri, Papa Kiti," musimamizi wa shimo alijibu.

"Mutoe! Kaka yangu iko kule!"

Walikuwa wametoka tu, taa ya mlangoni petu ikawaka. Kengele zote zikalia, pompi ikanyamaza.

Kaka aliingia akichuruzika tope. "Bote tumetoka. Mimi njo nilikuwa wa mwisho."

Hapo ikawaka taa ya chini kabisa, ile inayowaka mutu aliye shimoni akibonyeza kuomba avutwe juu.

"Ni maji," nilisema, kwa sauti ya mutu aliyesoma sekondari. "Yamefika kwenye kibonyezo."

Ikazima. Ikawaka tena, kwa subira. Hakuna kati yetu watatu aliyegeuka kuupa ule ukuta mgongo.