Kwale wa Wesley

Ukimsikia Wesley Shitanda akiisimulia bunduki yake, utadhani amewahi kuangusha simba. Kumbe ni kijibunduki cha marisau, zile punje ndogo za risasi, cha mtutu mwembamba, alichopewa kibali nacho ili awatishe kwale wanaofukua mbegu za mahindi shambani kwake Lugari. Kwale wenyewe walishamzoea. Akilipua, wanahama mistari miwili na kuendelea kufukua. Jescah mkewe ndiye anayepanda upya kila pengo, mgongo ukimuuma, huku bwana mkubwa akikaa kivulini kuipaka bunduki mafuta ya kupikia. Jescah alimdharau mumewe kwa moyo wote, wala hakuona haya.

Wakwe walipotuma habari kwamba wanakuja kumposa Ashley, binti wa Wesley na Jescah, Jescah alimwambia mumewe achinje jogoo. Kila mtu huko anajua kwamba mkwe hupewa ingokho, kuku wa nyumbani, na firigisi huwekewa mkubwa wao. Asipoipata, hata umchinjie ng'ombe mzima, atasema hakupokelewa.

"Kuku kila mtu anachinjanga," Wesley alisema. "Mimi nitawapatia kwale."

"Baba Ashley, hao ni wakwe, si wapita njia."

Hakusikia. Siku yenyewe alfajiri, ukungu ungali shambani, bunduki ililia mara moja. Wesley akarudi amevimba kichwa, ndege mkononi, tayari amemnyonyoa na kumkata kichwa. Mtu ambaye hajawahi kunyonyoa hata kifaranga!

Jescah alimpokea yule ndege, akamgeuza. Mguuni palikuwa na kipande cha leso yake kuukuu, alama anayowafunga kuku wake wasichanganyike na wa jirani. Mpumbavu alikuwa amempiga jogoo wao mwenyewe ndani ya mahindi, kisha akaona aibu kusema, na hata kuficha hakujua.

Jescah akakifungua kile kitambaa, akakitia mfukoni. Alipika taratibu, akiona raha rohoni, maana alijua mumewe hawezi kufunga mdomo mbele ya wageni.

Mzee Masinde, baba wa kijana anayemposa Ashley, aliwekewa firigisi. Akauma kitu kigumu, akatema punje ya risasi kiganjani.

"Hii ni nini?"

Wesley akajitanua kitini. "Hiyo ni marisau yangu, mzee. Huyo ni kwale. Nimempiga mwenyewe asubuhi."

Mzee Masinde akasukuma sahani. "Tumetoka Ekero mpaka hapa mtulishe ndege wa msituni? Hata kuku mmoja mmetunyima?" Akainuka, na watu wake wote wakainuka. Ashley, aliyekuwa ameshika birika la kunawisha wageni, akajimwagia maji miguuni.

Hapo ndipo Jescah alipotoa kitambaa. "Kaeni, wazee wangu. Huyu mtu hajapiga kwale tangu nimjue. Mmekula jogoo wangu. Alimlenga akidhani ni kwale, halafu akaogopa kuniambia."

Akaeleza yote, akamwiga Wesley anavyonyata na bunduki, matako nyuma. Wageni wakaangua kicheko. Mzee Masinde alicheka mpaka akafuta machozi, akaketi, akaivuta sahani yake. Posa ikapita. Wesley alibaki akitazama mikono yake.

Jescah alibeba vyombo kwenda jikoni, moyo mweupe. Miaka yote alikuwa akiisubiri siku kama hii. Ashley akamfuata.

"Mama, ulijua saa ngapi?"

"Asubuhi. Nilipoona mguu."

"Na hukumwambia?"

"Si alitaka kujisifu? Nikamwacha ajisifu."

"Walikuwa wanaenda, Mama. Walikuwa wamesimama." Ashley alimtazama kama mtu anayetazama uchafu mlangoni. "Baba ni mjinga, hiyo najua. Lakini yeye hakuniweka mimi rehani ndio apate kucheka."

Ashley akapakua chakula kilichobaki, akampelekea babake.