Babu Aliyekataa Shule

Naandika polepole, na ukurasa huu umenichukua siku kadhaa. Lakini naandika.

Nikiwa darasa la tatu, huko Ilemela, sikujua kusoma na hakuna aliyegundua. Darasani tulisoma wote kwa pamoja, kwa sauti ya kuimba, mwalimu akigonga ubao kwa fimbo. Masikio yangu yalikuwa mazuri. Kurasa zote tulizopitia nilizijua kwa kichwa, nikaimba na wenzangu huku nikitazama picha. Kwa mtoto mwenye aibu kama mimi, kelele zile zilikuwa maficho.

Kisha akaja mwalimu mpya, mama mmoja kutoka Bukoba. Akafungua ukurasa ambao tulikuwa hatujaufikia, akanisimamisha nisome peke yangu. Herufi zilirukaruka machoni kama dagaa kwenye wavu. Macho yakakimbilia picha.

"Huyu anasoma picha!" mwanafunzi mmoja akapiga kelele, na darasa zima likacheka.

Habari zilifika nyumbani kabla yangu. Bibi, mama yake baba, hakushangaa. Jina langu nimelirithi kwa babu yake baba, marehemu wa siku nyingi, ambaye alipopelekwa shule ya misheni alitoroka akarudi kwenye ng'ombe wake.

"Ni babu aliye ndani yake anakataa," alisema. "Yeye anataka ng'ombe, nyie mnampa vitabu. Ndiyo maana amemfunga mtoto kichwa."

Baba hakukubali wala hakubisha. Alisema tukifunga shule nikiwa bado sijui kusoma, nitakwenda Misungwi kwa baba mkubwa kuchunga. Waliokwenda kuchunga kule hawakurudi darasani. Lakini kilichoniogopesha zaidi ni kwamba huenda bibi alisema kweli, na kichwa changu hakikuwa changu.

Mwalimu aliposikia, akaja nyumbani.

"Shikamoo, mama," alimwamkia bibi.

"Marahaba. Umekuja kumtoa babu?"

"Nimekuja kuomba mchanga wenu."

Mama yangu alianika dagaa kwenye mchanga kando ya ziwa. Mwalimu alitaka tuutumie jioni, dagaa wakishaanuliwa.

"Kichwa chake hakijafungwa, mama," alimwambia bibi. "Ubongo wake bado hauna njia ya herufi. Ng'ombe wakienda ziwani kunywa maji, siku ya kwanza wanapita kwenye majani tu. Wakipita palepale kila siku, njia inatokea. Ubongo wa mtoto nao unabadilika hivyo. Njia za wenzake zilitokea mapema. Yake tutaikanyaga."

Bibi akafikiri kidogo. "Afadhali umesema ng'ombe. Hapo babu atakusikia."

Tukaanza. Nilichora herufi kubwa kwa kidole, nikatamka sauti yake, nikafuta kwa kiganja, nikachora tena. Hatukuhamia nyingine mpaka ile ya kwanza itulie. Baadaye tukaziunganisha, nikipiga makofi kwa kila silabi. Mara nyingi nililala nikijua, nikaamka sijui. Mwalimu hakunipiga. Alisema tu, "Haya, tukanyage tena."

Jioni moja aliandika "maji" na nikaliona lote kwa mara moja, kama unavyoona uso wa mtu unayemfahamu. Nikalizungushia mikono, nikihofia litapotea. Halikupotea.

Siku ya kufunga shule baba alirudi na vitumbua vilivyofungwa kwenye kipande cha gazeti, mojawapo ya yale magazeti mapya yaliyokuwa yakizuka wakati ule. Akakikunjua, kikiwa na mafuta.

"Hiki hujakikariri. Soma."

Nikaweka kidole. "Wa-nu-nu-zi... wa pamba... wa-me-fi-ka..." Vitumbua vilipoa kabisa kabla sijamaliza mstari.

"Wamefika kufanya nini?" baba akauliza.

"Kununua pamba kwa wakulima wenyewe, bila kupitia ushirika."

Baba akacheka kwa nguvu. "Kumbe anasoma na kuelewa!"

Bibi akachukua kitumbua. "Babu amekubali," alisema. "Na pamba alikuwa analima."

Baba mkubwa alipokuja kunichukua, alirudi Misungwi na gunia la dagaa tu. Mimi nikazunguka nyuma ya nyumba nikalia kwa furaha, peke yangu, maana hata kulia niliona aibu.