Tafuta Tundu Kabla ya Kujaza Gesi

Nakumbuka siku ile ya Oktoba, mwaka wa tisini na tisa, nikiwa na miaka ishirini na minne. Tabu yangu ilianzia hapo. Kaka yangu Petro, aliyekuwa akitulisha sote kwa kazi ya machimbo upande wa Kahama, alifukiwa na kifusi. Mimi niliishia darasa la nne, mwanangu, kwa hiyo usitafute maneno ya vitabuni humu. Nakwambia nilichokiona.

Tulikwenda wanaume wa ukoo kumchukua, tumrudishe kijijini kwetu, mbele ya Tabora, njia ya Sikonge. Mama alikuwa anangoja kitu kimoja tu: auone uso wa mwanawe kabla ya udongo. Zahanati ya kule haikuwa na dawa ya kuhifadhi maiti, basi tukakodi Hiace kuukuu yenye kiyoyozi, ya Mzee Mrisho wa Ng'ambo, mtaa wa Tabora mjini, aliyeiendesha mwenyewe. Vioo vya nyuma vilikuwa havifunguki. Bila kiyoyozi, gari lile lilikuwa tanuri.

Msafara aliuongoza baba mdogo Yakobo. Na sisi Wanyamwezi unatujua. Babu zetu walibeba mizigo toka hapa hadi pwani nyuma ya kirangozi, mshika njia, na kirangozi haulizwi. Hata leo msibani, akishateuliwa mkuu wa msafara, neno lake ndilo njia. Ni desturi nzuri, mpaka siku njia inapokuwa mbovu.

Wakati wa kurudi, kabla ya Nzega, ubaridi ukakata. Mzee Mrisho akasimamisha gari, akafunua kiti cha mbele, maana injini ya Hiace iko chini yake. Akatazama fyuzi, nzima. Akabonyeza mkanda, umekaza. Akawasha, akatega sikio: kompresa, ile pampu ya baridi, haikushika. "Gesi imekwisha," akasema. Tukajikokota mpaka Nzega kwa fundi, ikajazwa, baridi ikarudi. Baba mdogo akapanda. Mzee Mrisho hakupanda. Alikoroga sabuni kwenye kopo, akayapaka mabomba kwa brashi ya kunyolea ndevu. Pale bomba lilipokuwa likisugua chuma, povu likavimba, likapasuka, likavimba tena.

"Yakobo, gesi haiishi yenyewe. Tundu hili hapa. Tungoje lichomelewe, alasiri tuondoke."

"Mzee, umekuja kuzika au kufua?"

Watu wakacheka. Ndiyo, hata msibani watu hucheka.

"Baridi si ipo? Twende. Maiti haingoji povu."

"Haya. Ila tundu nalo halijui kama mna haraka."

Nilikuwa nimesimama kando yake, nililiona lile povu kwa macho yangu. Nilinyamaza kama wenzangu.

Hatukufika mbali. Jua likiwa utosini, hewa ikawa vuguvugu, kisha moto. Barabara enzi hizo ilikuwa vumbi na mchanga. Tulizama, tukasukuma, tukazama tena. Harufu ikaanza. Kila mmoja alitazama porini kama mtu aliyepoteza ng'ombe. Tulipita Tabora bila kusimama.

Tulifika kijijini magharibi, jua likizama. Baba mdogo akamtangulia mama mlangoni.

"Shemeji, pole. Jeneza halifunguliwi. Daktari amekataza."

"Daktari gani?"

Mama akamgeukia dereva. "Shikamoo, mzee. Daktari gani huyo?"

"Marahaba, mama. Hakuna daktari. Kiyoyozi kilikuwa kinavuja, tukalijua tundu, tukaondoka nalo."

Mama akatutazama mmoja mmoja, akamalizia na mimi. "Fungueni. Siku ya kumzaa nilimpokea na damu yake, sikuziba pua."

Tukafungua. Wanawake walirudi nyuma, kanga usoni. Yeye alisimama peke yake muda mrefu, maana uso aliotaka kuuona haukuwepo tena. Kisha akafunika mwenyewe. Baadaye alipokuwa ananawa, nikimmiminia maji, aliniambia: "Gari liliwaambia mapema. Harufu ningeivumilia. Uongo wenu ndio unaonuka." Hakunitajia tena jina la Petro mpaka naye tulipomzika.

Mwanangu, mficha maradhi kifo humuumbua. Kitu kikipungua, iwe gesi, iwe upendo wa mkeo, iwe akili ya mtoto wako shuleni, usikimbilie kujaza. Kukijaza bila kuziba ni kujidanganya kwa raha ya safari fupi. Paka sabuni, utazame povu linapotokea, hata kama linatokea kwako. Na ukiliona, sema, hata mbele ya kirangozi. Mkubwa huheshimiwa, tundu haliheshimiwi. Na ukiwa umeshachelewa, basi usiongeze uongo juu.

Mzee Mrisho alinichukua nikajifunza kwake ufundi. Aliponifia, mikono yangu ilikuwa inajua kazi. Sikupewa kitu na mtu mwingine, na siwezi kukuficha kwamba najivunia.

Leo nina nyumba ya bati Chemchem. Nina karakana Ng'ambo. Nina Hiace mbili, vioo vyote vinafunguka. Nina mizinga ya nyuki kijijini, na makaburi mawili ninayoyapalilia. Nina kopo la sabuni na brashi ya kunyolea ya marehemu, imebaki nywele chache.

Mungu akupe jicho la kuona povu dogo, na ulimi wa kulisema kungali asubuhi. Na mama yako, akingoja mlangoni, akuone uso.