Sauti Niliyoisafisha

Nakumbuka siku moja huko Kimwani, mdogo wangu, na huikumbuka kila ninapofungua kompyuta kuandaa somo. Wewe ndiyo kwanza unaanza kazi hii, kwa hiyo isikilize.

Nilikuwa nimetoka chuo karibuni. Kazini tulikuwa tunaandaa somo la kusikiliza kwa shule za msingi, kuhusu haki ya jamii za asili kutunza lugha zao na kujieleza zenyewe. Nikaenda huko Kimwani, wilayani Muleba, kumrekodi Ma Kokugonza, rafiki wa marehemu bibi yangu. Nilimkuta anaanua kahawa, akanikaribisha kwa tabasamu lisilo na meno. Alinisimulia jinsi alivyoomba maji kwa Kihaya akiwa darasa la kwanza. "Amaizi," alisema, basi. Mwalimu akamvika shingoni kibao cha adhabu ya kusema lugha ya nyumbani, akashinda nacho mpaka jioni, na maji hakupewa.

Alisimulia kwa Kiswahili, ila kila alipofika penye uchungu alirudi kwenye Kihaya. Alikohoa, akacheka, akaendelea. Mwishoni akanipa sharti moja: kabla watoto hawajasikia, asikie yeye.

Mimi ni mtu wa kuwaza mno, unanijua. Niliporudi nyumbani Kagondo wasiwasi ukaanza. Je, mtoto asiyejua Kihaya? Je, mkaguzi akisema sauti haieleweki? Na kile kikohozi? Nikakata hiki, nikakata kile, mwisho nikamwomba rafiki yangu Mariamu wa Hamugembe asome maneno yote upya kwa Kiswahili sanifu. Jina la Ma Kokugonza nikaliacha kwenye maandishi ya somo, kama msimulizi. Niliamini nimemheshimu.

Nikarudi Kimwani. Alikuwa amekaa na jirani yake, mzee Ta Petro. Nikawasha rekodi kwenye simu.

"Huyu binti anaongea vizuri," Ta Petro akasema. "Ni wa wapi?"

"Ni... ni Ma Kokugonza."

"Waitu, jamani! Ma, meno umeota lini?"

Akacheka mpaka akafuta machozi. Ma Kokugonza hakucheka. Aliniomba nirudishe pale penye maji. Sauti ya Mariamu ikasema, taratibu na kwa ufasaha, "Niliomba maji."

"Niliomba nini?" akaniuliza.

"Maji, Ma."

"Ningesema 'maji' nisingevikwa kibao."

Nikaeleza habari za watoto, za mkaguzi, za usikivu. Aliniacha nimalize yote.

"Mwanangu," akasema, "yule mwalimu naye alisema ni kwa faida yangu. Kama mnamtaka huyu binti, andikeni jina lake. Langu niachieni."

Ta Petro akaacha kucheka. Rekodi ya kwanza bado nilikuwa nayo, nikamwomba ruhusa tutumie hiyo.

"Tumieni."

"Na kikohozi?" Ndiyo, niliuliza hata hilo.

"Kikohozi ni changu."

Tulilipeleka somo katika shule moja ya Hamugembe. Kikohozi kilipopita, watoto wakacheka kama nilivyohofia. Kisha sauti ile nzito ikasema "amaizi". Mvulana mmoja, ambaye kwao hawasemi Kihaya, akauliza ni nini. Msichana wa nyuma akasimama akajibu kwa sauti, "Amaizi ni maji! Bibi yangu husema hivyo." Mwalimu akamwambia arudie, wenzake wajifunze. Nilitoka nje kidogo, macho yalikuwa yananiwasha.

Basi, mdogo wangu, ukienda kuchukua habari za watu, usiwatengeneze wafanane na wasiwasi wako. Mtu akiwa hai, aseme mwenyewe, kwa lugha yake, na ulichochukua mrudishie akisikie kabla ya wengine. Akikataa, acha. Watoto wasipoelewa neno watauliza, na atakayejibu huenda ni yule ambaye hajawahi kunyoosha mkono.

Mungu akujalie sikio lenye subira. Na popote utakapofika, ukiomba maji kwa lugha ya mama yako, upewe.