Mlio Mmoja

Kila siku alasiri mfinyanzi wa Mvumi aliacha chungu kikiwa nusu, akanawa udongo hadi viwikoni, akaitoa simu kifuani alikoifunga kwa leso kama hirizi, akapanda jabali la nyuma ya nyumba. Mtandao ulipatikana huko juu tu, kwa anayesimama ukingoni. Simu alinunuliwa na bintiye Emiliana, aliyekwenda kufanya kazi Dar es Salaam, nao walipatana: saa kumi kamili atabipu, mlio mmoja, maana yake ni mzima. Mama asipokee, asije akamlia mtoto vocha. Kupiga yeye hakujua, alijua kusikiliza. Mlio ukishakatika alisema kwa sauti, kama mtu aliyeitikiwa hodi, "Haya mwanangu, nami nipo," akafunga leso, akashuka.

Jumapili moja simu ililia mara ya pili. Ikalia ya tatu. Jirani yake Anyesi, aliyekuwa akianua mtama pale jabalini, akageuka.

"Pokea, mama Emi! Huyo anataka kusema na wewe!"

"Hapana, nitamlia vocha," alijibu, huku kidole gumba kikiwa juu ya kitufe cha kijani.

Simu ikalia hadi ikachoka.

Kesho yake mlio ulikuwa mmoja. Kesho kutwa, mmoja. Siku hizi mfinyanzi hupanda jabalini mapema, hata kunawa hanawi, kidole chenye udongo kikiwa tayari juu ya kitufe. Lakini mlio ni ule ule mmoja, na kila akibonyeza, umeshakatika.