Mkwe Kando ya Mkeka

Mimi ni mdaku, sifichi. Nikiona mtu anafanya jambo nisilolielewa, chakula hakipiti mpaka nijue sababu. Ndiyo maana wizara yetu ilipohamia Dodoma, na watu wa judo wa mkoa wakaniomba niwalee waamuzi wapya kwa kuwa nilikuwa nimechezesha sana Dar es Salaam, nilikubali kabla hawajamaliza kusema. Mwamuzi ni kiumbe wa ajabu. Siku nzima anasimama katikati ya mkeka, watu wawili wanakabana mbele yake, na kila akiamua, nusu ya ukumbi inamzomea. Nani anapenda kazi hiyo? Nilitaka kuwajua.

Mmoja wao alikuwa baba wa watoto wawili, mpogoa mizabibu wa Makutupora. Jicho lake, jamani! Mgongo wa mtu ukigusa mkeka, yeye ameshanyanyua mkono na mimi bado napepesa macho. Nikajisemea, huyu atapata leseni, na sisi tutaacha kuazima waamuzi wa mikoa ya watu kila mashindano.

Ila alikuwa na kituko kimoja. Mwamuzi anatakiwa kuwazunguka wachezaji awaone pande zote. Yeye alikuwa na upande anaoupa mgongo. Leo ni upande wa mchezaji aliyevaa nyeupe, kesho ni wa aliyevaa bluu, sikuona mpangilio wowote. Wachezaji wakisogea huko, aliwatazama kwa kupinda shingo, na makosa ya mikono yakampita.

"Zunguka, bwana! Umeota mizizi?" nilimfokea.

"Nimekuelewa, mama," alijibu, akazunguka nusu, akarudi palepale.

Nikadhani ni mwanga wa dirishani. Nikafunga dirisha, wapi! Nikadhani goti linamuuma. Mungu anisamehe, nilifikia hata kudhani ana jini.

Halafu Jumamosi moja akazunguka kama pia. Kona zote, bila shida. Nikaangaza ukumbini: leo kuna nini? Ndipo nikagundua nani hayupo. Mwalimu mmoja wa Mlali, mama mtu mzima anayefundisha timu ya wasichana, hakuja kwa sababu gari lao liliharibika njiani. Kiti cha kocha anachokaliaga, kando ya mkeka, kilikuwa na mtu mwingine.

Wakati wa chai nikambana mpogoa mizabibu wangu. Akatazama viatu vyake.

"Mama, yule ni mkwe wangu. Nimemuoa binti yake."

"Hee! Kwa hiyo?"

"Kwetu mkwe hatazamwi usoni. Wengi wameacha siku hizi, lakini mimi nimelelewa na babu. Nikimwona njiani, naingia porini mpaka apite."

Nilicheka nusura chai initokee puani. Yeye hakucheka, nami nikaweka kikombe chini.

"Na leseni je?"

"Hiyo ndiyo inaninyima usingizi, mama. Naitaka sana. Sijawahi kutaka kitu hivi."

Siku ya mtihani mtahini alitoka Dar es Salaam. Baada ya mapambano mawili akaniinamia sikioni: "Huyu ana jicho, lakini nusu ya mkeka haioni. Nampa pambano moja. Akirudia, leseni hapati."

Ningeweza kumwomba mwalimu ampishe mwenzake kwenye kiti. Lakini leseni ya kufichiwa mkwe ni leseni gani? Wangekutana tena mashindano yanayofuata. Nikamfuata mwalimu mlangoni, khanga yake mabegani, nikamwambia yote. Alisikiliza kwa utulivu.

"Nimekusikia, dada," akasema. Basi. Nikaondoka nimeudhika, maana kusikia ndiyo nini sasa?

Pambano la mwisho msichana wake alivaa bluu. Sheria yetu inasema kocha akae kimya wachezaji wanapokabana, aseme tu mwamuzi akishasimamisha pambano. Mwalimu huyu siku zote alikaa kimya kama yuko kanisani. Safari hii, mara tu walipoanza, akapaza sauti.

"Mshike mkono! Mkono huo!"

Ukumbi mzima ukageuka. Mabega ya mwamuzi yalipanda, yeye hakugeuka.

"Vuta! Unasubiri nini?"

Mtahini akashika kalamu. Kumbe mwanamke huyu kaamua kummaliza mkwewe mbele za watu! Akainuka kitini kabisa, akapiga kelele mara nyingine, kubwa kuliko zote.

"Matte!" mwamuzi akaamuru, na wasichana wakaachiana.

Alisimama kidogo, bado kampa mgongo. Kisha akageuka, akaenda mpaka ukingoni mwa mkeka, akainua uso, akamtazama mkwe wake machoni. Akanyoosha mkono kuelekea mlangoni.

Mwalimu naye alimtazama. Alimtazama kwa muda mpaka watu wakaanza kunong'ona. Kisha akainama kama desturi ya judo inavyotaka, akajitanda khanga yake, akatoka. Msichana wake alibaki bila kocha, akaangushwa, na mwamuzi, ambaye sasa alizunguka kona zote, akatangaza ushindi wa mwenzake bila kusita.

"Kachelewa, lakini kafika," mtahini akasema. "Mpeni."

Nilitoka mbio. Mwalimu alikuwa amekaa kwenye ngazi ya baraza, anajifuta machozi.

"Ulifanya makusudi," nikamwambia.

"Angenitoaje bila kuniangalia?" akauliza. "Kapata?"

"Kapata."

Akashusha pumzi. Nikakaa kando yake. Upepo ukatumwagia vumbi, hakuna aliyejali.

"Ana kovu hapa," akasema, akigusa juu ya nyusi yake. "Miaka yote hii kaoa kwangu, sikulijua. Alilipata wapi?"

"Muulize mwenyewe," nikamwambia.