Mtoto wa Mwashi

Juzi, nilipompeleka binti yangu chekechea, niliona jina Mason limeandikwa juu ya kulabu tatu za makoti. Nikaona haya, kana kwamba nimefumaniwa.

Nilipokuwa mtoto, darasani kwetu Handsworth, Uingereza, walikuwamo akina Mason wawili, na wote walipendwa. Nilidhani ni jina la wafalme. Siku hizi najua lilikuwa jina la ukoo la waashi, wajenzi wa mawe, kabla Waingereza hawajaanza kuwapa watoto wao wa kiume kama jina la kwanza. Basi alipokuja mwalimu mpya, nilimwambia naitwa Mason, si Abdirahman.

Alasiri moja baba alinifuata shuleni moja kwa moja kutoka kazini. Alikuwa mwashi tangu Garissa, na alinuka saruji mbichi.

"Abdirahman! Twende, baba!" aliita langoni.

Wenzangu wakacheka. Mwalimu akaniuliza, "Mason, huyu ni nani?"

"Jirani yetu," nikajibu kwa Kiingereza, nikiamini baba hakielewi.

Baba alinitazama kidogo. Kisha akamwambia mwalimu, kwa Kiingereza cha taratibu, "Ndiyo, mimi ni jirani."

Jirani haruhusiwi kuchukua mtoto. Mama akapigiwa simu, na baba akangoja nje ya lango, manyunyu yakimlowesha, hadi mama alipofika. Hakumwambia mama nilichosema.

Njiani baba aliniinamia, akaninong'oneza, "Kesho nije na nguo nyingine?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Kesho yake alikuja amevaa koti lake la Idi, na saruji bado imo kwenye kucha.